Ujumbe wa Biashara Usioombwa: Historia ya Dhana na Mashaka ya Istilahi Yake

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda na kusanifu istilahi, mara nyingi tunaletewa dhana ambazo zimekwisha kuingia katika sheria kabla hazijapata jina thabiti katika lugha yetu. Neno likiwa la sayansi, kosa la mfasiri humchelewesha mwanafunzi. Likiwa la sheria, kosa hilo laweza kumtia mwananchi hofu asiyostahili, au kumnyima hifadhi aliyopewa na Bunge. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya dhana moja ya namna hiyo, yaani ujumbe wa biashara unaotumwa kwa barua pepe au kwa simu kwa mtu ambaye hakuuomba. Tutaeleza jinsi dhana hiyo ilivyozaliwa, jinsi nchi mbalimbali zilivyoitungia sheria, na jinsi ilivyofika katika sheria za Tanzania. Kisha tutayapima majina yanayotumika sasa na kutoa pendekezo.

Swali lililotusukuma kuandika tulilipata Kanazi, katika Wilaya ya Bukoba. Kanazi ni mahali pa mibuni na migomba, na palikuwa makao ya Mukama Kahigi wa Kihanja, mtawala aliyeshirikiana na Wajerumani. Tangu zama hizo watu wa huko wamezoea kupokea amri zilizoandikwa mbali, kwa lugha iliyochaguliwa na mwenye kuamuru. Tulikuwa tumekaa na wakulima, walimu wawili na mtendaji wa kijiji, tukizungumza juu ya maneno ya sheria, ndipo kijana mmoja mwenye duka la pembejeo alipotuonyesha karatasi aliyopewa na rafiki yake. Karatasi hiyo, ambayo haikuwa na jina la mwandishi, ilisema kwamba "kutuma ujumbe usiotakiwa" ni kosa la jinai, na kwamba faini yake haipungui shilingi milioni tatu.

Kijana huyo alikuwa na desturi ya kutuma meseji kwa wakulima kuwaarifu kwamba miche na dawa zimefika dukani, na barua pepe kwa shule na hoteli za Bukoba kuhusu mboga na vanila. Namba za wakulima alizinakili kutoka katika orodha ya chama cha msingi cha ushirika. Baada ya kuisoma karatasi ile aliacha kabisa kutuma. Alituuliza, "Je, mimi ni mhalifu? Mtaji wangu wote haufiki milioni tatu." Hatukuweza kumjibu kwa neno moja, na sababu ya kutoweza ni neno lenyewe lililoandikwa katika karatasi ile.

Chanzo cha dhana

Wanahistoria wa mawasiliano hukubaliana kwamba tangazo la kwanza la biashara lililotumwa kwa watu wengi kwa njia ya kompyuta bila wao kuliomba lilitumwa mwezi Mei, 1978. Mwaka huo watu wa Kagera wanaukumbuka kwa jambo jingine kabisa, yaani uvamizi wa majeshi ya Idi Amin. Huko Marekani, Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, aliwatumia watu wapatao 400 mwaliko wa kwenda kutazama kompyuta mpya za kampuni yake katika jimbo la California. Mtandao uliotumika, Arpanet, ulikuwa chini ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, na uliruhusiwa kutumika kwa kazi rasmi tu. Wapokeaji wengi walilalamika na wasimamizi wakakemea. Hata hivyo, kompyuta zilinunuliwa. Katika kisa hicho kimoja mambo mawili yalikwisha kuonekana, nayo ni kwamba mpokeaji huudhika na kwamba mtumaji hupata faida.

Mwezi Aprili, 1994, mawakili wawili wa Phoenix, katika jimbo la Arizona, walisambaza katika maelfu ya vikundi vya mtandao wa Usenet tangazo la kuwasaidia watu kushiriki bahati nasibu ya ukaazi wa Marekani, ile inayojulikana hata kwetu kwa jina la Green Card. Tangazo hilo halikuwa barua pepe kwa maana halisi, lakini ndilo lililowafunulia wafanyabiashara kwamba mtu mmoja, kwa gharama ndogo mno, aweza kuufikia ulimwengu.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Katika enzi ya posta, mwenye kutuma tangazo alinunua karatasi, bahasha na stempu. Kila barua aliyoongeza ilimwongezea gharama, na gharama hiyo ilikuwa kizuizi cha kutosha. Barua pepe iligeuza mambo. Kutuma barua elfu moja hakuzidi sana kutuma barua kumi, na sehemu kubwa ya mzigo huhamia kwa mpokeaji, ambaye hutumia muda wake kusoma na kufuta, na kifurushi chake cha intaneti kupakua asichokihitaji. Kwa mkulima wa Kanazi anayenunua kifurushi cha siku moja, mzigo huo si wa nadharia.

Jina la kimombo la barua hizo nalo lina historia yake. Spam ni nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Hormel ya Marekani mwaka 1937. Mwaka 1970 kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, lilionyesha katika televisheni mchezo wa mkahawa ambamo karibu kila chakula kina nyama hiyo, na jina lake hurudiwa hata mazungumzo mengine yasisikike. Watumiaji wa kompyuta walilichukua jina hilo kuwa ni fumbo la kitu kinachorudiwarudiwa mpaka kikafunika vyote. Ni fumbo zuri kwa aliyeuona mchezo ule. Kwa asiyeuona ni sauti tupu, wala hatuoni sababu ya kuliingiza katika Kiswahili, na hasa katika Kiswahili cha sheria.

Njia mbili za kutunga sheria

Serikali zilipoanza kutunga sheria ziligawanyika katika njia mbili, na mfasiri asiyezijua hawezi kuyatafsiri maneno yake sawasawa.

Njia ya kwanza ni ile iliyochukuliwa na Jumuiya ya Ulaya katika maelekezo yake ya mwaka 2002. Kwa njia hii mfanyabiashara hana ruhusa ya kumtumia mtu binafsi tangazo mpaka kwanza mtu huyo ameridhia. Kuna msamaha mmoja: mteja aliyekwisha kununua bidhaa aweza kuarifiwa juu ya bidhaa za namna ile ile, mradi kila mara apewe nafasi ya kukataa. Njia ya pili ni ile ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari, 2004. Kwa njia hii mfanyabiashara aweza kutuma bila ya kuuliza, ila asighushi jina wala anwani yake, asidanganye katika kichwa cha habari, aandike anwani yake ya posta, na aache kutuma mara mpokeaji anapomtaka aache.

Kwa ufupi, katika njia ya kwanza ukimya wa mpokeaji ni katazo. Katika njia ya pili ukimya wake ni ruhusa. Afrika Kusini ni mfano wa nchi iliyohama. Sheria yake ya mwaka 2002 ilifuata njia ya kukataa baada ya kupokea, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2013, ambayo sehemu zake kubwa zilianza kutumika mwaka 2020, iliweka sharti la ridhaa. Kenya nayo, katika sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, iliwazuia wafanyabiashara kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila ridhaa yake au idhini ya sheria.

Jirani zetu wa Uganda, ambao mpaka wao wa Mutukula hauko mbali na Bukoba, wanatupa mfano wa tatu. Marekebisho ya sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta, yaliyotiwa saini mwaka 2022, yalifanya kumtumia mtu taarifa zisizoombwa kuwa kosa, lakini tafsiri ya maneno hayo iliyotolewa ndani ya sheria yenyewe iliyatoa mawasiliano ya biashara. Maneno yanayokaribiana sana yakabeba, katika nchi mbili zinazopakana, mambo yasiyofanana. Mfasiri anayedhani kwamba neno ni lile lile kila liendako ajihadhari.

Sheria za Tanzania

Tanzania ilitunga sheria mbili kwa pamoja mwaka 2015: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13, na Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14. Zote mbili zilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Zote mbili zilijadiliwa bungeni kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Na zote mbili hutumia neno lile lile la Kiingereza kwa ujumbe usioombwa, ila kila moja huliweka katika mazingira yake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao, katika kifungu cha 20 kama kilivyopitishwa, ilimkataza mtu, kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, kuanzisha utumaji wa ujumbe usioombwa, kuupokeza, au kughushi maelezo yanayoonyesha ulikotoka. Adhabu ilikuwa ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu au mara tatu ya faida iliyopatikana, kwa kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Ndugu msomaji aangalie maneno "kwa nia ya kutenda kosa". Walengwa wa kifungu hicho ni kama wale matapeli wanaotuma meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii", ambazo hakuna Mtanzania mwenye simu asiyezijua, na ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwaelekeza wananchi kuziripoti kwa namba 15040. Muuza miche si miongoni mwao.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ndiyo inayomhusu muuza miche. Sheria hiyo ilikataza mawasiliano ya biashara yasiyoombwa isipokuwa kwa masharti matatu: mpokeaji awe ameridhia, mwanzo wa ujumbe umtaje mtumaji na kusudi lake, na ujumbe utoe nafasi ya kukataa mwingine usije. Mtu ambaye taarifa zake zilipatikana katika kuuziana au kujadiliana bei, na aliyepewa nafasi ya kukataa asikatae, huhesabiwa kuwa ameridhia kwa bidhaa za namna hiyo. Kwa hiyo Tanzania ilichagua njia ya ridhaa.

Tangu hapo yametokea mambo mawili makubwa. Kwanza, mwezi Februari, 2021, Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Pili, ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na inayompa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Orodha ya wanachama wa ushirika iliyoandikwa kwa ajili ya kahawa si mali ya kila mwenye duka.

Majina yanayotumika

Sasa tuyapime majina. Tumekutana na manne.

La kwanza ni "barua taka". Limeenea kwa sababu ni fupi na linafuata muundo wa kawaida wa kuambatanisha nomino mbili, kama katika "askari kanzu". Kwa mazungumzo na kwa programu za kompyuta halina ubaya: mwenye sanduku la barua ana haki ya kukiita taka kile anachokitupa. Lakini sheria haiwezi kuanza kwa kukiita kitu taka na kisha kuuliza kama kinaruhusiwa. Zaidi ya hayo, tangazo la miche lililotumwa bila ridhaa laweza kuwa la kweli na lenye manufaa, na bado likawa limevunja sheria.

La pili ni "ujumbe usiotakiwa", na hili ndilo lililomtisha kijana wa Kanazi. Kasoro zake ni mbili. Mosi, linaigeuza sheria kuwa suala la moyo wa mpokeaji: ujumbe ule ule ungekuwa halali kwa mkulima aliyeupenda na haramu kwa jirani yake aliyeuchukia, na mtumaji asingeweza kujua kabla ya kutuma. Pili, na hili ni zito zaidi, katika Kiswahili cha ofisi kitenzi "takiwa" kina maana ya kulazimika au kuruhusiwa na mwenye mamlaka. Tunasema "unatakiwa kufika mahakamani" na "hutakiwi kuingia hapa". Kwa hiyo msomaji wa tangazo la serikali huelewa kwamba "ujumbe usiotakiwa" ni ujumbe uliokwisha kupigwa marufuku. Jina limetoa hukumu kabla ya kifungu chenyewe kusomwa.

La tatu ni "ujumbe usiotarajiwa". Hili linapotosha. Taarifa ya msiba haitarajiwi, wala hakuna anayeihesabu kuwa ni biashara. Kwa upande mwingine, mtu anayepokea tangazo la duka lile lile kila asubuhi hulitarajia kabisa.

La nne ni "ujumbe usioombwa". Hili halisemi kama ujumbe ni mzuri au mbaya, unapendwa au unachukiwa. Linauliza jambo moja ambalo shahidi aweza kulijibu mahakamani, yaani kama mpokeaji aliuomba au hakuuomba.

Suala la umoja na wingi nalo halina budi kutajwa. Wafasiri wengine huandika "jumbe zisizoombwa". Watu wenye umri mkubwa hulisikia "jumbe" kuwa ni yule mkuu wa kijiji wa enzi za ukoloni. Twapendelea "ujumbe" ubaki bila wingi na sheria iseme "ujumbe wowote", ili isidhaniwe kwamba kosa huanza mpaka zitumwe nyingi. Wenzetu wa Kenya, ambao husema "arafa" kwa ujumbe mfupi wa simu, hawana tatizo hilo.

Neno "ridhaa" pia linahitaji ulinzi. Baadhi ya tafsiri huweka "idhini" mahali pake. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: mkuu wa shule, afisa, mahakama. Ridhaa ni kukubali kwa mtu mwenyewe katika jambo lililo lake. Mfanyabiashara aliyepewa orodha na katibu wa chama aweza kudai kwamba alipata idhini. Hawezi kudai kwamba alipata ridhaa ya wakulima.

Majibu ya Kanazi

Tuliyasoma majina hayo manne mbele ya wazee na walimu wa Kanazi. Mwalimu mmoja alipinga la nne. Alisema kwamba mambo mengi mema hayaombwi, na kwamba sheria ikilitumia jina hilo itaonekana inakataza ukarimu. Pingamizi hilo lilikuwa na uzito. Huko mgeni hupewa buni za kahawa za kutafuna kabla hajasema lolote, na hakuna mgeni anayeziomba.

Mzee mmoja, mwenye shamba la mibuni ya babu yake, ndiye aliyetutatulia. Alisema, "Wanangu, kahawa nampa mgeni bila ya yeye kuomba, na hakuna ubaya. Lakini mgeni haingii kwangu bila ya hodi. Hayo ni mambo mawili; msiyafanye moja."

Maneno hayo yametufundisha kwamba jina la kitu na sharti la sheria ni lazima vitenganishwe. "Usioombwa" ni jina tu la kitu, halikatazi. Katazo linatokana na kutuma bila ridhaa, na linapaswa kuandikwa kwa neno hilo, mahali pake, katika kifungu chake. Jina likijaribu kufanya kazi zote mbili, kama linavyofanya "usiotakiwa" na "taka", mwananchi hupotezwa. Kijana yule alipotezwa mara mbili: aliogopa sheria isiyomgusa, na hakuijua ile inayomgusa. Tulimweleza kwamba hakuwa mhalifu wa mtandao kwa kutangaza miche. Kwamba, hata hivyo, hakuwa na haki ya kuitumia orodha ya chama. Na kwamba njia iliyo wazi kwake ni kuwauliza wateja wanaofika dukani kama wangependa kuarifiwa, kuandika jina la duka mwanzoni mwa kila ujumbe, na kuacha mara mtu anaposema basi. Alisema kwamba angeelezwa hivyo tangu mwanzo asingefunga simu yake.

Hitimisho

Kwa hayo yote tunapendekeza kwamba katika tafsiri za sheria na katika maelezo yanayotolewa kwa wananchi litumike "ujumbe usioombwa" kwa dhana ya jumla, na "ujumbe wa biashara usioombwa" pale sheria inapohusu matangazo. "Ridhaa" litumike kwa kukubali kwa mpokeaji, na "kujiondoa" kwa kitendo chake cha kukataa ujumbe mwingine. Kwa maelezo yanayoonyesha ujumbe ulikotoka, tunashauri yaandikwe hivyo kwa urefu. "Kichwa cha ujumbe", ambalo ni tafsiri ya neno kwa neno, humfanya msomaji adhani kwamba ni kichwa cha habari. "Barua taka" liachwe kwa wenye kompyuta na kwa mazungumzo, ambako linafaa.

Kazi ya kuzitafsiri sheria zetu ni kubwa, na wanaoifanya wana haraka ya haki. Mwaka 1968 orodha ya maneno ya sheria iliyosimamiwa na A. B. Weston huko Dar es Salaam ilikuwa na matatizo ya ardhi, ndoa na urithi. Watungaji wake wasingeweza kuliwazia hili. Yatakuja mengine ambayo sisi nasi hatuyawazii. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali watuletee maneno wanayoyasikia huko waliko, pamoja na mapingamizi, na hasa yale ya watu ambao sheria hizi zitawafikia bila ya wao kuziomba.